Beji Yangu na Gari la Kerubo

Juzi pale kibandani, tukinywa chai, mmoja wenu aliniuliza: "Mzee Petero, enzi zenu mtu akipatwa na dharura, ilikuwa heri apande teksi yenye leseni au gari la mtu binafsi?" Nikanyamaza. Mkadhani masikio yamekufa. Masikio ni mazima, ila jibu lilikuwa refu kuliko kikombe cha chai. Sasa nimekaa nimeliandika. Nyinyi mnaoshika usukani leo, lisomeni polepole, maana nami nimeliandika polepole.

Nilianza kuendesha teksi mjini Kisii miaka michache baada ya uhuru. Stendi yetu ilikuwa karibu na soko, mahali ambapo leo pamejaa maduka ya simu. Magari yalikuwa machache, mengi yakiwa Peugeot, na yalipangwa kwa foleni. Abiria akija, gari la mbele ndilo linaloondoka, hata kama abiria huyo ni shemeji yako na wewe uko nyuma. Kila dereva alikuwa na beji ya chuma kifuani. Beji ile hukupewa kwa sababu una mdomo mzuri. Ulitahiniwa barabarani, gari likakaguliwa breki na taa, na bima ikalipwa, ile bima ya kubeba abiria kwa malipo. Ukiwa na beji ulitembea mjini kama mtu aliyeoa jana.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Onsongo, mwenyeji wa Nyaramba. Alikuwa amewaendeshea wanajeshi malori wakati wa vita vya Wazungu, akarudi na Kiswahili kilichonyooka na mgongo ulionyooka zaidi. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa stendi. Hakuna aliyemchagua, na hakuna aliyethubutu kuuliza. Alinionyesha jinsi ya kuweka magunia ya mchanga kwenye buti msimu wa mvua ili magurudumu ya nyuma yashike matope. Alinionya nisikanyage mafuta gari likikwama: "Ukilikasirikia linazama. Shuka, kata mabua ya mahindi, yaweke chini ya tairi, kisha uliombe taratibu." Kuhusu abiria alikuwa na somo moja ambalo sijalipata kwa mwalimu mwingine yeyote. "Tazama miguu ya anayekuja," alisema. "Mtu aliyevaa kiatu kimoja usimuulize bei. Mfungulie mlango."

Makosa niliyafanya mengi, na hili moja nitawapa mcheke kabla hatujaingia kwenye mambo mazito. Wiki yangu ya kwanza nilimbeba bwana mmoja mgeni kutoka pwani. Tulipokaribia alikokuwa akienda akasema, "Nishushe hapo mbele kwa hisani yako." Sisi Kiswahili tulikisoma shuleni, nyumbani ni Kikisii kitupu. Nikapita. Akasema tena, kwa sauti, "Kwa hisani yako!" Nikamjibu, "Tulia bwana, natafuta. Huyo Hisani nyumba yake iko upande gani?" Onsongo aliposikia habari hiyo alicheka mpaka akashika boneti. Kwa muda mrefu pale stendi mimi niliitwa Hisani.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo Onsongo hakulichekea kamwe, nalo ni magari ya watu binafsi yaliyobeba abiria bila leseni. Mdogo wake alikuwa amepanda pikapu ya mtu binafsi kwenda mnadani, ikapinduka, akafa. Wenye bima walipoulizwa, wakasema gari lile halikuruhusiwa kubeba watu kwa malipo, kwa hiyo hawahusiki. Mjane na watoto wake wakaja kukaa kwa Onsongo. Kila asubuhi alipotoka kwake aliwaona wale watoto wakienda shule, na kila asubuhi alikuja stendi akiwa na jiwe lile lile moyoni. "Leseni si karatasi," alikuwa akituambia. "Leseni ni watoto wa mtu kula baada ya yeye kufa." Mkumbuke hilo kabla hamjamhukumu.

Sasa nimlete Kerubo.

Kerubo alikuwa mjane wa Keumbu. Mumewe, aliyekuwa karani wa chama cha kahawa, alinunua Volkswagen kutoka kwa Mzungu aliyekuwa akifunga virago, lile gari lenye mgongo kama wa kobe. Alimfundisha mkewe kuliendesha kwenye uwanja wa shule, watoto wakishangilia. Mume alipofariki, shemeji zake walikuja kulichukua gari. Kerubo aliwakaribisha, akawapa uji, kisha akaingia garini, akaliwasha, akazunguka nalo ua mara moja na kuliegesha pale pale. Akashuka akawauliza, "Nani mwingine kati yenu anaweza kufanya hivyo?" Hakuna aliyeweza. Wakamaliza uji wakaenda.

Tangu hapo gari lile likawa jembe lake. Halikuwa na kibao cha teksi wala foleni. Waliomhitaji waliijua njia ya nyumbani kwake: mwalimu aliyechelewa basi, mkunga aliyeitwa ng'ambo ya mto, maharusi ambao gari lao limeharibika. Na wacha niwaambie ukweli wa kazi. Sisi wa stendi tulikuwa na gari zuri na breki zilizokaguliwa, lakini tulikuwa watumwa wa barabara kuu. Wenye magari walitukataza kuingia vijijini, wakiogopa springi kuvunjika. Mtu akija anasema mke wangu yuko ng'ambo ya kilima kile, tulimwambia mlete barabarani. Kerubo alienda. Volkswagen injini yake iko nyuma, uzito uko juu ya magurudumu yanayosukuma, kwa hiyo ilipanda matope ambayo Peugeot ingeyalilia. Watu wa Keumbu walisema gari la Kerubo haliulizi barabara.

Siku moja tu ya wiki gari lile lililala. Kerubo alikuwa Msabato wa kweli. Ijumaa jua likishuka, ufunguo ulitundikwa ukutani, na haukuguswa kwa ajili ya malipo mpaka jua la Jumamosi litue. Mimi ni Mkatoliki, na ninakiri kwamba niliipenda sana Sabato yake. Jumamosi stendi yetu ilishiba.

Onsongo alimvumilia kwa muda, kisha uvumilivu ukaisha. Alikwenda kituo cha polisi kulalamika, na sisi madereva tulimsindikiza. Hakumtaja Kerubo peke yake, alisema magari yote yasiyo na leseni. Muda si mrefu polisi wakaanza kusimamisha magari kwenye barabara ya kwenda Keumbu.

Basi ilikuwa Jumamosi, msimu wa mvua ndefu. Asubuhi nilikuwa nimempeleka abiria Keroka, nikawa narudi mjini gari likiwa tupu. Nilipopita Keumbu nikakuta magogo barabarani, askari wawili, na Volkswagen ya Kerubo imeegeshwa kando. Nilipunguza mwendo. Mlango wa gari lile ulikuwa wazi. Ndani kulikuwa na mwanamke amelala kwenye kiti cha nyuma, kichwa chake kikiwa mapajani mwa mama mzee aliyekuwa akirudia neno moja tu kwa Kikisii, "Nyasae, Nyasae," yaani Mungu. Mwanamke yule aliitwa Nyaboke. Alikuwa na uchungu wa mtoto wake wa kwanza, na alikuwa anavuja damu.

Nje, mume wake, kijana aliyeitwa Ombese, alikuwa akiwasihi askari kwa mikono miwili. Baadaye alinieleza jinsi ilivyokuwa. Alikimbia kutoka kwao mlimani, akafika kanisani Keumbu ibada ikiendelea, akasimama mlangoni akashindwa kusema. Kerubo alikuwa benchi ya mbele. Aligeuka, akamwona, akafunga Biblia akatoka. Hakuna aliyemwuliza anakwenda wapi. Alipanda kile kilima kwa matope, akamchukua Nyaboke na mama mkwe wake, na akashuka nao salama mpaka barabara kuu, barabara nzuri, na ndiko walikosimamishwa.

"Mama, leseni ya kubeba abiria iko wapi?" askari mmoja alikuwa akimuuliza. Alikuwa mdogo kwa umri, sare yake bado ngumu.

"Mwanangu, mtazame," Kerubo alimjibu. "Huyu anafanana na abiria?"

"Gari hili tunalijua. Tumeagizwa tulizuie."

"Lizuie. Lakini kwanza nifike hospitali, nitarudi nalo mwenyewe."

"Maagizo ni maagizo, mama."

Hapo Kerubo aliniona. Alinifahamu, na alijua nilikuwa miongoni mwa tuliokwenda kituoni. Hakunilaumu wala hakunibembeleza. Alisema, "Petero, gari lako lina leseni. Mchukue."

Nililirudisha gari nyuma mpaka milango ikatazamana. Nitawaambia jambo moja juu ya yule askari: yeye ndiye aliyeshika miguu ya Nyaboke tulipomhamisha, na alimshika kama dada yake, damu ikamwingia mikononi. Kisha akarudi pale alipoagizwa asimame. Ombese na mama yake wakaingia kwangu. Kerubo alivua shuka lake la kanisani akaniwekea kwenye kiti chini ya mgonjwa.

"Usipige breki za ghafla," aliniambia. "Na usigeuke kuangalia nyuma. Macho yako mbele tu."

Niliendesha hivyo. Nyuma yangu yule mama mzee aliacha kusali, akawa anamwimbia mkwe wake kwa sauti ya chini, kama unavyomwimbia mtoto. Mpaka leo sijui ilikuwa mbaya zaidi alipokuwa akisali au alipoanza kuimba.

Hospitalini walimpokea mara moja. Tulikaa kwenye benchi, mimi na Ombese, na sikukumbuka kabisa kwamba nina foleni ya kurudia. Muuguzi alipotoka alimwita Ombese pembeni. Nyaboke alikuwa hai. Mtoto alikuwa wa kiume, na alitoka kimya.

Ombese hakulia. Aliniuliza tu, "Kama hatungesimamishwa?"

Nilimwambia sijui, na ndivyo ilivyokuwa. Nilimuuliza daktari swali lile lile faraghani, naye akasema hata yeye hajui, huenda mtoto alikwisha kufa kabla hawajatoka nyumbani. Ombese aliomba ruhusa, akambeba mtoto wake mikononi ndani ya gari langu, nikawarudisha kwao. Safari hii niliiacha barabara kuu, nikapanda kile kilima mpaka magurudumu yalipogoma, kisha tukatembea. Mwenye gari alinikemea baadaye. Nilimsikiliza nikiwa nimeinamisha kichwa, lakini sikujuta.

Niliporudi stendi, Onsongo alinikuta nikiosha kiti. Alitazama maji yaliyokuwa yakitoka mlangoni. Akaenda, akarudi na ndoo nyingine, akakunja mikono ya shati, tukaosha pamoja. Alikuwa amesikia tu kwamba gari lenye mama mjamzito limezuiwa Keumbu, akauliza.

"Walikuwa kwenye gari la nani?"

"La Kerubo, mzee. Walizuiwa barabarani."

Aliweka kitambaa chini, akakaa kwenye kizingiti cha gari. "Mtoto?"

"Amekufa. Mama yake yuko hai."

Alikaa pale mpaka nikamaliza. Nilidhani atasema kitu juu ya kule kituoni, lakini alipoinuka alisema tu, "Na lingepinduka je, Petero? Wale wote watatu wangelipwa na nani?" Sauti yake haikuwa ya ubishi. Alikuwa akiniuliza kweli, kama mtu anayeomba asaidiwe.

Kerubo alishtakiwa kwa kubeba abiria kwa malipo bila leseni. Akipatikana na hatia, gari lingeweza kuondoka mikononi mwake moja kwa moja. Polisi walihitaji shahidi, na nani bora kuliko dereva wa teksi aliyekuwapo pale pale, tena ambaye mjane huyu anamharibia biashara? Walikuja stendi wakaandika jina langu. Wenzangu walinipigapiga begani. Mmoja, Makori, aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni, akaniambia, "Hisani, siku ya kesi ndiyo utatufanyia hisani."

Nilimjua Kerubo. Nilijua kwamba siku sita za wiki alibeba watu wakamlipa, na nilijua kwamba siku ya Sabato alikuwa hashiki senti ya mtu. Yote mawili yalikuwa kweli. Wenzangu walitaka niseme moja, na watu wa Keumbu waliopita stendi wakinitazama vibaya walitaka niseme lile jingine. Siku ya kesi ilipokaribia sikuweza kula vizuri. Mke wangu aliniambia, "Unaogopa nini? Si uongo unaenda kusema." Nikamwambia, hicho ndicho ninachokiogopa.

Jioni ya kuamkia kesi, jua likiwa bado juu, nilikwenda kwa Onsongo. Alikuwa akipanga nyumba hapo mjini na familia ile ya mdogo wake. Watoto walinipa kiti. Nilimwambia, "Mzee, kesho nitasema yote ninayoyajua. Siyo nusu."

Alielewa. Alitazama watoto wale wakiingia ndani, kisha akasema, "Sikukufundisha uongo, kwa hiyo siwezi kukuomba useme uongo. Nenda ukaseme. Lakini ukitoka huko, usirudi kwenye foleni yangu."

"Mzee..."

"Nimekusikia, Petero. Na wewe umenisikia. Kunywa chai yako."

Nikainywa. Ilikuwa chai nzuri, na hilo ndilo lililonitia uchungu zaidi.

Mahakamani palijaa. Upande mmoja walikaa watu wa kanisa la Keumbu, upande wa pili madereva. Onsongo alikaa nyuma kabisa, kofia magotini. Kerubo hakuwa na wakili. Alisimama kizimbani amevaa vile vile alivyovaa siku ile, ila bila shuka. Shuka lile halikufaa tena.

Kiongozi wa mashtaka, inspekta mmoja wa polisi mwenye miwani, aliniuliza nilichokiona, nikaeleza. Hakimu akamwambia Kerubo kwamba anaweza kuniuliza maswali. Karani akamtafsiria kwa Kikisii. Kerubo alifikiri kidogo.

"Petero, wewe umekaa stendi ile miaka. Umewahi kuona au kusikia nimechukua malipo siku ya Sabato?"

"Sijawahi," nikasema. "Bwana Hakimu, Jumamosi ndiyo siku yetu ya kuvuna pale stendi, kwa sababu gari lake halitoki. Hata mwenye njaa gani akienda kwake Jumamosi, atapewa chakula, lakini gari hatapewa kwa malipo. Akilitoa siku hiyo, ametoa bure, tena kwa sababu mtu anakufa."

Watu wa kanisa wakaguna kwa kukubali. Nikasikia kiti kikiburuzwa upande wa madereva. Nilipodhani nimemaliza, yule inspekta akainuka tena, taratibu.

"Shahidi, umesema Jumamosi. Sasa tuambie, Jumatatu je?"

Nilimtazama Kerubo. Macho yake hayakuniomba kitu. Nilitazama nyuma, Onsongo alikuwa ameinamia kofia yake.

"Jumatatu hubeba watu kwa malipo," nikasema. "Na Jumanne pia. Mpaka Ijumaa mchana. Na Jumapili."

Minong'ono ikaanza kule kwa watu wa kanisa, na sasa watu wa pande zote mbili, kushoto na kulia, walikuwa wakinitazama kama mtu aliyewaibia. Nilishuka pale nikaketi benchi ya karibu.

Hakimu alisema shtaka lililo mbele yake ni la siku ile ya Jumamosi, si la siku nyingine. Akasema malipo hayakuthibitishwa, na kwamba kumbeba mtu anayekaribia kufa bila kumtoza si biashara. Akamwachilia. Lakini alimwonya, sauti ikiwa nzito, kwamba sasa mahakama imesikia habari za Jumatatu, na akiletwa tena hatamwonea huruma.

Nje nilijaribu kupita kando ya ukuta. Kerubo akaniita mbele ya watu wake.

"Mnaona huyu?" akawaambia. "Kama angesema uongo juu ya Jumatatu, nani angemwamini juu ya Jumamosi?"

Ombese ndiye aliyekuja akanishika mkono, akaushika kwa muda.

Onsongo alitimiza ahadi yake. Nilipofika stendi kesho yake, hakuna aliyenitukana. Magari yalisogea tu, moja hadi jingine, mpaka nafasi yangu ikawa haipo. Nilikaa ndani ya gari pembeni mpaka jioni bila abiria. Mwenye gari alipoona hivyo siku kadhaa, akachukua ufunguo wake. Sikumlaumu. Nilirudi kulima ndizi, beji ikiwa mfukoni.

Volkswagen nayo, tangu lile onyo la hakimu, ilikuwa imeegeshwa kwa Kerubo, kuku wakitaga chini yake. Kuna mwanamke alibebwa kwa machela kutoka kilima kile kile, na watu wakamwuliza Kerubo kwa nini hatoi gari. Ndipo alipokuja kwangu. Alinikuta shambani.

"Nataka leseni," alisema. "Bima, ukaguzi, kibao, vyote. Lakini sijui mlango wa kuingilia. Wewe unaujua."

Tulianza pamoja. Ukaguzi wa kwanza gari lilikataliwa kwa sababu ya breki, na wa pili kwa sababu ya taa. Siku ya mtihani wa kuendesha kwa ajili ya beji, mtahini alimwambia Kerubo apande mlima, asimame katikati, kisha aondoke bila gari kurudi nyuma. Wanaume waliokuwa wakisubiri zamu walikusanyika kucheka. Aliondoka kama mtu anayeinuka kwenye kiti. Aliposhuka alisema, "Kwetu milima yote iko hivyo," akaenda kuketi. Wale wanaume wakarudi kwenye mstari wao.

Tukawa na teksi ya Keumbu, yenye leseni, isiyouliza barabara. Yeye aliendesha siku ambazo shamba lilimruhusu, mimi nyingine. Jumamosi haikubeba abiria, na hilo sikulijadili. Gari liliegeshwa kwenye ua wa kanisa, nami mara nyingi niliketi ndani yake nikiwasikiliza wakiimba, iwapo angetokea mtu mlangoni kama Ombese siku ile.

Miaka ya sabini ikasonga, na serikali ikalegeza kamba. Magari madogo yakaruhusiwa kubeba abiria bila ile leseni tuliyoitolea jasho. Yalijaa barabarani kama kumbikumbi. Foleni ya pale sokoni ikavunjika, kila mtu akigombania abiria kwa kelele. Wengine wenu baba zenu walianzia hapo, na sisemi walikosea. Watu walihitaji kusafiri. Lakini nilimfikiria Onsongo.

Nilimwona siku moja tulipomleta mgonjwa hospitalini, mimi na Kerubo. Mzee alitoka mlangoni peke yake na fimbo, akinusa hewa. Macho yalikuwa yamemharibikia. Alikuwa amenyimwa beji na akakubali, maana sheria ni sheria hata kwake. Alikuwa anataka kurudi Nyaramba, na yale magari mapya yalikuwa yakimwita kwa kelele kutoka kila upande, asiende kwa hata moja. Nilimsalimu. Alinitambua kwa sauti.

"Ni gari gani hilo?"

"La Kerubo, mzee."

Alikaribia, akalipapasa boneti. Kerubo alishuka akamwamkia kwa heshima. Hakuitikia kwanza. Alisema, "Bima iko wapi?"

Kerubo akaushika mkono wake, akauweka kwenye kioo cha mbele, pale ilipobandikwa.

"Nisomee, Petero."

Nikasoma namba ya gari, nikasoma kwamba linaruhusiwa kubeba abiria kwa malipo, nikasoma siku ya mwisho.

"Tena."

Nikarudia. Kidole chake kilibaki pale kwenye kioo muda mrefu, na midomo yake ilikuwa ikitembea. Kisha akageuka kwa Kerubo, akamwamkia, akauliza habari za nyumbani. Kerubo akamfungulia mlango wa mbele, yeye mwenyewe akaketi nyuma.

Tulipita Nyamira. Mvua ilikuwa imenyesha na barabara ilikuwa nyekundu, ina utelezi. Niliendesha kwa uangalifu wote nilionao, jasho likinitoka kama siku ya mtihani. Tulipoanza kupanda mlima wa mwisho, Onsongo aliinamisha kichwa akisikiliza.

"Petero."

"Naam, mzee."

"Husikii gari linavyolia? Gia ya tatu ya nini mlima kama huu? Rudisha ya pili."

Nikarudisha ya pili. Kwa bahati nzuri barabara ile niliijua, maana kwa muda fulani sikuiona vizuri.